Mbishi, mkimya, mcheshi: unachokuja nacho kwenye mchezo wa kuigiza mezani

Kama una watu wanne au watano, kalamu, karatasi chache na dadu tatu za ludo, una vifaa vyote vya mchezo ambao mamilioni ya watu wanaucheza duniani. Huhitaji umeme, bando wala uwanja. Unaojulikana zaidi unaitwa Dungeons & Dragons, lakini iko mingine mingi ya aina hiyo. Hapa tutaiita michezo ya kuigiza mezani.

Makala hii inaeleza jinsi inavyochezwa. Lakini sehemu kubwa inahusu wewe na wenzako, yaani tabia ambazo kila mmoja anakuja nazo kutoka nyumbani. Kikundi kikivunjika, mara nyingi sheria za mchezo hazina kosa. Kinavunjika kwa sababu mmoja anaongea mno, mwingine haongei kabisa, na wa tatu amekumbushwa jambo ambalo hakutaka kulikumbuka. Tabia hizohizo, zikipewa nafasi yake, ndizo zinazofanya watu warudi wiki inayofuata.

Mchezo wenyewe ni upi?

Mtu mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mtu wa kubuni ambaye ameandikwa kwenye karatasi: jina, kazi, anachoweza na asichoweza. Msimulizi anaeleza mahali mlipo na kinachotokea, kisha anauliza: "Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa rahisi, linatokea tu. Likiwa gumu, dadu zinaamua. Hakuna bingwa mwishoni, hakuna wa kutolewa. Mnafaulu pamoja au mnaharibu pamoja, na wiki ijayo mnaendelea mlipoishia.

Kama ulikua ukisikiliza hadithi za jioni, fikiria kwamba msikilizaji ameruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Mimi ndiye sungura, na huyu fisi simwamini, narudi nyumbani." Na bibi analazimika kuifuata hadithi huko ilikokwenda.

Mchezo huu ulianzia Marekani miongoni mwa watu waliopenda kupanga vita vya vinyago mezani. Mwaka 1969 huko Minnesota, David Wesely alitayarisha mchezo wa vita uliowekwa katika mji wa kubuni wa Ujerumani, Braunstein, wakati wa Napoleon. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, baadhi aliwapa nafasi ya mtu mmoja katika mji, kwa mfano meya. Mmoja wa wachezaji wake, Dave Arneson, akalipenda wazo hilo na kulikuza. Baadaye aliungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, aliyewahi kufanya kazi ya bima na ambaye alikuwa akishona viatu nyumbani kupata riziki. Mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza, zilizopangwa kwenye maboksi kwa mikono.

Kuna kisa cha Arneson kinachopendwa sana na wapenzi wa mchezo huu. Katika mchezo mmoja wa Wesely, uliowekwa katika nchi ndogo yenye misukosuko ya kisiasa, Arneson alikuwa mwanamapinduzi. Hakushinda kwa bunduki. Aliwaaminisha wachezaji wengine kwamba kwa siri yeye ni jasusi wa CIA, nao wakamfuata. Hakuna karatasi iliyosema kwamba mhusika wake ana ulimi. Ulimi ulikuwa wa Arneson mwenyewe.

Mchezo unaolipa vijitabia

Mwaka 1986 kampuni ya Steve Jackson Games ya Texas ilitoa mchezo unaoitwa GURPS. Tunautaja kwa sababu mbili. Kwanza, unatumia dadu za kawaida tu, zile za pande sita, tatu kwa wakati mmoja. Pili, unakulipa kwa vijitabia vyako. Unapomtengeneza mhusika unanunua uwezo kwa pointi: nguvu, wepesi, akili, afya, ufundi. Ukimwekea kijitabia kidogo kisichomletea madhara makubwa, unarudishiwa pointi moja. Unaruhusiwa hadi vijitabia vitano. Havupi daraja bila kuhesabu hatua zake. Hamwamini mtu asiyekula pilipili. Anamwita kila mtu "chifu". Ukishaviandika, unapaswa kuviigiza, na msimulizi ana haki ya kukukumbusha.

Kinachotokea mezani ni kwamba watu wachache sana wanabuni vijitabia kutoka hewani. Wengi wanachukua vya shangazi yao, vya mwalimu wa zamani, au vya kwao wenyewe. Kwa hiyo baada ya michezo miwili au mitatu utaanza kumjua jirani yako kwa njia ambayo foleni ya maji haikukuonyesha.

Wanaokaa mezani

Mbunifu wa michezo wa Canada, Robin Laws, aliandika mwaka 2002 kuhusu aina za wachezaji: anayetaka mhusika mwenye nguvu, anayetaka kupigana tu, anayependa kupanga mbinu, anayejali hisia za mhusika, na wengine. Orodha yake ni nzuri, lakini ilitokana na meza za huko. Meza za makazi ya wakimbizi na vijiji vinavyoyazunguka zina watu wao.

Yuko mbishi. Nyumbani anaambiwa ana mdomo. Kwenye foleni ya mgao ndiye anayetaka kujua kwa nini jina fulani limerukwa. Mezani atataka kujua kwa nini jana ukuta ulihitaji dadu na leo hauhitaji. Msimulizi mchanga humwogopa. Usimwogope, mpe kitabu cha sheria. Mwambie yeye ndiye wa kukumbuka sheria, ana dakika moja ya kusema, kisha msimulizi anaamua na mchezo unaendelea. Mabishano marefu yanasubiri mwisho. Na ndani ya hadithi, mkifika mbele ya mlinzi asiyetaka kufungua, mtajua kwa nini mlikuja naye.

Yuko mwenye kuhesabu. Mama aliyezoea kuufikisha mgao mwisho wa mwezi, hata ulipopunguzwa, anajua jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Msimulizi akisema mna chakula cha siku sita na safari ni ya siku nane, vijana watauliza kuhusu mapanga. Yeye atauliza nani anaweza kula mara moja kwa siku na nani hawezi. Kina mama wengi husema mchezo huu ni wa watoto. Mkaribishe mmoja aangalie tu, na katikati umwombe ushauri kuhusu chakula cha msafara.

Yuko mwenye lugha nyingi, na kwenye makazi yetu wapo wengi. Kwenye meza moja unaweza kuwa na Kiswahili cha Bukavu, Kirundi, Kinyarwanda, Kifuliiru, na mwenyeji anayeongea Kinyankole kama mko Nakivale au Kiturkana kama mko Kakuma. Anayetafsiri hubeba mchezo wote mgongoni, na hapo ndipo penye hatari: anatafsiri maneno ya kila mtu hadi jua linazama, na mhusika wake hajafanya lolote. Badilishaneni. Na msimulizi anapouliza "mnafanya nini", aanze na mkalimani.

Mcheshi hahitaji kutafutwa, atajileta. Thamani yake utaiona siku hadithi ilipokuwa nzito na watu wamekaza mabega. Wekeni sheria moja tu: mzaha umguse mhusika, usimguse mchezaji. Kumcheka mganga wa kubuni anayeogopa kuku ni sawa. Kucheka lafudhi ya mtu, kabila lake au nguo zake si sawa, hata akisema hajali.

Tukae kidogo kwa mkimya, maana ndiye anayepotea mapema zaidi. Anakuja mara mbili, mara ya tatu haonekani, na watu wanasema mchezo haukumfaa. Huenda Kiswahili chake bado ni kidogo na anaogopa kuchekwa. Huenda amefika mwezi uliopita. Huenda kwao alijifunza kwamba anayenyamaza ndiye anayebaki salama. Usimlazimishe, na usimuulize swali pana kama "wewe unafanya nini?" mbele ya macho kumi. Muulize jambo dogo lenye mipaka: "Wewe uliyesimama karibu na mlango, unasikia nini nje?" Jibu la neno moja linatosha. Au mpe kazi ya mikono. Kila kikundi kinahitaji mtu wa kuchora ramani na mtu wa kuandika majina ya watu mliokutana nao, na mkimya mara nyingi ndiye aliyesikiliza kwa makini kuliko wote. Laws naye anamtetea mchezaji anayekuja hasa kwa ajili ya kukaa na watu: asiambiwe ajitahidi zaidi, maana uwepo wake unaituliza meza.

Jinsi inavyokwenda

Tuseme hadithi ni hii: katika kijiji cha kubuni, majogoo wote wameacha kuwika. Watu wanachelewa shambani, mwalimu anachelewa shuleni, na wahusika wenu wametumwa kutafuta chanzo.

Msimulizi anasema: "Mmefika kwa mzee mwenye kuku wengi kuliko wote. Geti limefungwa. Anasema hana habari yoyote. Mnafanya nini?"

Mbishi anaanza: "Shikamoo mzee. Jana ulimwambia mwenyekiti kwamba majogoo wako wanaumwa koo. Leo unasema huna habari. Tushike lipi?"

Hoja ni nzuri, lakini mzee ni mkaidi, basi dadu zirushwe. Akili ya mhusika imeandikwa 10. Kanuni ni kwamba jumla ya dadu tatu iwe sawa na namba hiyo au chini yake. Kwa kuwa hoja imemkamata mzee, msimulizi anaongeza 2, inakuwa 12. Dadu zinaonyesha 6, 4 na 1. Jumla ni 11. Amefaulu, geti linafunguliwa. Bila ile hoja angeshindwa.

Mwenye kuhesabu anaingia: "Baba, nimeona mabanda saba, lakini pumba ni ya banda moja. Hao wengine wanakula nini?" Mzee anababaika. Ndipo msimulizi anamgeukia mkimya: "Dada, wewe umebaki nje ya geti. Unasikia nini?"

Anafikiri, kisha anasema kwa sauti ndogo: "Mtoto. Anawika."

Msimulizi hakuwa amepanga mtoto yeyote. Msimulizi mzuri hapo anaitupa hadithi yake aliyoandaa usiku kucha na kuifuata ile sauti. Mtoto gani? Kwa nini anawika yeye na si majogoo? Dakika tano baadaye meza nzima inamuuliza mkimya mtoto huyo amevaa nini.

Kuhusu zile namba: kwa dadu tatu, mwenye 10 anafaulu mara moja kati ya mbili. Mwenye 12 anafaulu karibu mara 74 kati ya 100, na mwenye 8 karibu mara 26 tu. Kwa hiyo nyongeza ya 2 si ndogo. Mpeni yule aliyetumia kipaji chake halisi, awe amehesabu, amechora, amebembeleza, au ametafsiri msemo wa kwao vizuri hadi kila mtu akauelewa.

Kumbukumbu zinapoingia mezani

Hili lifanyeni kabla ya kurusha dadu hata mara moja. Kwako mto ni mto. Kwa aliyekaa kando yako, mto wa usiku ni ile siku. Hujui nani amebeba nini, na si haki yako kuuliza.

Wachezaji wengi duniani hutumia njia mbili rahisi. Ya kwanza ni ya Ron Edwards, mbunifu wa michezo wa Marekani: mistari na mapazia. Mstari ni jambo ambalo haliingii kwenye hadithi kabisa. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini halielezwi. Mnasema "ikawa hivyo" na kwenda mbele. Kwa vikundi vya makazini, tunashauri mistari hii iwepo tangu mwanzo bila kusubiri mtu aiombe: ubakaji, utekaji, vizuizi vya barabarani, nyumba kuchomwa, watoto kufa. Pia msitumie makabila, majeshi, vyama au viongozi wa kweli. Adui awe wa kubuni kutoka nchi ya kubuni. Na msiigize usaili wa hadhi ya ukimbizi au wa kuhamia nchi ya tatu. Watu wanasubiri majibu hayo kwa miaka, na neno la mzaha likitoka hapo linageuka uvumi.

Njia ya pili ni ya John Stavropoulos wa New York. Chora X kubwa kwenye kipande cha karatasi, ukiweke katikati ya meza. Yeyote akikigusa, kinachosimuliwa kinaachwa papo hapo na mnaruka mbele. Hakuna kuuliza kwa nini, leo wala kesho. Msimulizi akiguse yeye mwenyewe mara moja mwanzoni, kwa jambo dogo, ili watu waone kwamba kukigusa si aibu.

Ikitokea mtu ametetemeka, amelia au ameganda, simamisheni mchezo. Mmoja anayemwamini akae naye, ampe maji, amsindikize nyumbani. Akikubali, mwelekezeni kwa mhudumu wa afya ya akili kwenye kituo cha afya au kwa mfanyakazi wa jamii katika eneo lenu. Msijaribu "kumtibu" ndani ya hadithi.

Wazazi, wachungaji na dadu

Mzazi au kiongozi wa dini akiwa na wasiwasi, msimdharau. Huko Marekani katika miaka ya 1980 wazazi na makanisa mengi waliuhofia mchezo huu wakidhani unafundisha uchawi. Jibu bora si mabishano, ni kumkaribisha akae asikilize. Hadithi za mwanzo zisiwe na majini, mapepo wala waganga. Ziko hadithi tele bila hivyo, na hiyo ya majogoo ni moja.

Dadu nazo zinaleta maneno, kwa sababu zinafanana na kamari. Katika magereza mengi ya Marekani dadu haziruhusiwi kwa sababu hiyohiyo, na wafungwa wanaoucheza hutumia karatasi yenye namba na kishale cha kuzungusha. Ninyi chezeni mahali pa wazi, pasiwe na pesa wala soda ya kushindania, na mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa bloku ajue mapema ni nani wanakutana na saa ngapi.

Saa ina maana kubwa. Mkikutana saa ambayo wasichana wako bombani, mtakuwa na meza ya wavulana watupu na mtasema wasichana hawaupendi mchezo. Waulizeni wao kwanza. Na mmalize kabla giza halijaingia, hata kama hadithi imefika patamu.

Mkitaka kuanza wiki hii

Sheria fupi za GURPS, zinazoitwa GURPS Lite, ni kurasa 32 na zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Steve Jackson Games. Ziko kwa Kiingereza. Sheria za msingi za Dungeons & Dragons nazo ziliwekwa huru mwaka 2023 kwa mtu yeyote kuzitumia na kuzitafsiri, na zipo kwa Kifaransa pia, jambo linalowafaa waliosoma Kongo au Burundi. Lakini hizo zinahitaji dadu za pande 20 na nyingine ambazo hazipatikani dukani kwetu, kwa hiyo kwa kuanzia GURPS ni rahisi zaidi. Mmoja anaweza kupakua, kusoma na kuwaeleza wengine.

Kwa siku ya kwanza hamhitaji hata hizo. Kila mchezaji aandike nguvu, wepesi, akili na afya, kila moja 10. Aongeze 2 kwa anachokitaka zaidi, aongeze 1 kwa kingine, apunguze 1 kwa cha tatu. Aandike kazi ya mhusika, jina lisilo la mtu mnayemfahamu, na vijitabia viwili. Watu wanne au watano pamoja na msimulizi wanatosha. Wakifika wanane, gawanyikeni.

Kama hamna dadu, kateni vipande sita vya karatasi, muandike 1 hadi 6, mvikunje na kuvitia kwenye kikombe. Chota kimoja, soma, kirudishe, tikisa, chota tena, mpaka mara tatu. Msisahau kukirudisha kila mara, la sivyo namba moja haiwezi kutoka mara mbili na hesabu yote inaharibika. Mbishi wenu atawakumbusha.